Picha Aliyoitazama Waziri

Hakuna bibi katika nchi zote ninazozijua aliyeingia kwenye vibanda vya video kunizidi mimi. Nimeingia mara mia tatu na ushei, na mara zote hizo mia tatu na ushei nilisinzia kabla adui hajatokea. Kwa hiyo picha ninazozijua vizuri ni zile za ubaoni, zinazosomwa mtu akiwa amesimama, na ndizo nitakazosimulia. Msinidai zaidi. Darasa la saba halikunipa zaidi.

Basi ipo nchi inaitwa Shwari. Msihangaike na ramani; nyoosheni tu, mtaikuta. Ni nchi njema, haina tatizo hata moja. Matatizo yalikuwepo zamani, tena mengi, lakini Mkuu wa nchi akatoa amri kwamba jambo lolote baya halitahesabiwa kuwa limetokea mpaka waziri anayehusika athibitishe kwa kinywa chake kwamba ameliona. Mawaziri wakaapa hawajaona kitu. Tangu siku hiyo halijatokea lolote. Hata mafuriko yakija, yanangoja uthibitisho, na watu wanapanda juu ya mapaa wanangoja nayo.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo kulikuwa na kibanda cha video cha Bwana Mgaya. Bati juu, magunia pembeni, televisheni moja mbele. Watu walikiita kibanda umiza, na aliyewahi kukalia mabenchi yake haulizi kwa nini. Kibanda kilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo iliheshimiwa kuliko zote za bunge: aliyeona husimulia. Ukisema umeiona picha fulani, wenzako wakidai, unasimama unaisimulia mpaka mwisho, tena na milio yake. Gari lingurume, bunduki ilie, mlango ukwaruze. Ukishindwa, wewe ni mwongo, unashuka kwenye benchi unakaa chini na wachanga.

Nje ya kibanda kulikuwa na ubao mweusi, na mwandishi wa ubao alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Mwatime, mwenye hati nzuri kuliko ya mwalimu mkuu. Kila asubuhi aliandika kwa chaki picha za siku ile, kila moja kwa maneno machache, mtu asome aamue kuingia au kwenda zake. Kwa mfano, na steringi ndiye shujaa wa picha:

*PICHA YA MAPIGANO. Steringi ameuliwa baba, mama na mbwa. Anakasirika kwa ajili ya mbwa. Watu themanini wanakufa.*

*PICHA YA MAPENZI. Tajiri anampenda maskini. Maskini anampenda tajiri. Mama mkwe hampendi mtu. Nyimbo tisa, mvua mara nne.*

Watu walisoma, wakacheka, wengine wakarudi nyumbani wameridhika kabisa.

"Bi Mwatime, punguza utamu," Bwana Mgaya alilalamika. "Watu wanashibia nje."

"Nikipunguza utamu, Bwana Mgaya, itabaki picha yenyewe. Na picha zako unazijua."

Sasa, Shwari ni nchi ya utaratibu. Maneno ya ubaoni hayakuruhusiwa kusimama mbele za watu mpaka Waziri awe ameitazama picha yenyewe, mwanzo hadi mwisho. Waziri, kwa sababu ya majukumu, aliyakaimisha macho yake kwa Bwana Shekuwe, ambaye cheo chake kilikuwa Mtazamaji Mwandamizi wa Serikali. Bwana Shekuwe naye hakutazama. Mashine ya ofisi ya kutazamia ilikuwa imepelekwa nyumbani kwa Waziri kwa uchunguzi, na ulikuwa mwaka wa nne inachunguzwa, hasa siku za mpira. Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Shekuwe alifika na muhuri wake, akaambiwa karibu, akanywa chai, akaichukua karatasi iliyonakiliwa kutoka ubaoni, akaipiga muhuri bila kuisoma: IMETAZAMWA NA WAZIRI. Karatasi ikabandikwa kwenye kona ya ubao. Kazi imekwisha.

*

Bi Mwatime alikuwa na binti mmoja tu, Sihaba.

Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, uchungu ulimshika Sihaba, akapanda bodaboda peke yake kwenda hospitali. Hospitali ilikuwa na mlango mpya wa vioo. Jengo lenyewe lilizinduliwa mwaka juzi, madirisha mwaka jana, na mwaka huu ilikuwa zamu ya mlango. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa, na agizo lilikuwa limetolewa: asipite mtu, mzima wala mgonjwa, mpaka apite Waziri wa Afya, Milango na Picha, Mheshimiwa Mfaume Bakunja. Msishangae kwamba alikuwa na wizara tatu. Wizara za Shwari ni nyingi kuliko ndugu wa Mkuu, kwa hiyo kila ndugu anajitahidi.

Askari na manesi walikuwa wamepelekwa barabara kuu kupunga bendera. Mlangoni hapakuwa na mtu. Bodaboda alimshusha Sihaba pale, akaona mlango umefungwa, akageuza pikipiki akamfuate mama yake. Walipofika ilikuwa saa saba.

Walimkuta amelala kwenye ngazi, chini ya utepe. Upepo ulikuwa unauchezesha utepe juu yake. Ndala moja ilikuwa mguuni. Ya pili ilikuwa mkononi mwake, ameishika kwa soli, na soli imepasuka.

Mtoto hakuwahi hata kulia.

Bi Mwatime alimvua mwanawe zile ndala. Ile iliyopasuka akaitia kwenye kikapu chake, na hakumwonyesha mtu. Watu waliomsaidia kubeba walisikia harufu ya pilau ikitoka dirishani, wodi ya wazazi, ile yenye feni. Lakini harufu ya pilau nayo haijathibitishwa mpaka leo.

Karatasi ya kifo ilitoka baada ya wiki mbili. Iliandikwa: *Amefia njiani.*

Bi Mwatime aliirudisha pale pale dirishani kwa karani.

"Mwanangu, hapa pamekosewa. Hakufia njiani. Alifia mlangoni."

Karani alifungua daftari kubwa la wagonjwa, akamgeuzia. "Mama, tazama mwenyewe. Alhamisi hii hapa, ukurasa mtupu. Angekuwa amefika, angeandikwa."

"Angeandikwa na nani, na mlango ulikuwa umefungwa?"

"Umeona eh? Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu atafikaje mahali palipofungwa?"

"Na Mheshimiwa alifika saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri. Imetangazwa redioni. Akakuta mlangoni pasafi, hakuna mtu, akakata utepe, akasifu usafi."

"Na pilau la saa saba alikuwa anakula nani?"

Karani alifunga daftari. "Mama, pole na msiba. Anayefuata!"

Alikwenda ofisi ya mkoa, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa barua haina kumbukumbu namba. Akaomba namba, akaambiwa namba hupewa waliojibiwa. Wakati anangoja, Wizara ya Barabara ikaleta malalamiko yake rasmi, ya kurasa nne, kwamba inachafuliwa jina: njia ile haijazinduliwa, kwa hiyo mtu hawezi kuwa amefia juu yake. Ikawa Sihaba hakufia njiani, hakufia mlangoni. Kwa mujibu wa Serikali ya Shwari alikuwa bado hajafia popote, ila amezikwa.

Bi Mwatime hakutaka fidia. Hakutaka mtu afungwe. Alijua magereza ya Shwari yamejaa wezi wa kuku, nafasi hakuna. Alitaka neno moja lifutwe liandikwe jingine, ili mwanawe ahesabiwe kuwa alifika. Alifika! Alipigania pumzi akafika, akagonga, wakamwacha nje kwa ajili ya utepe. Ndilo neno alilolitaka, na ndilo walilomnyima.

*

Jumatatu iliyofuata aliamka, akaoga, akaenda kibandani, akashika chaki.

*PICHA YA KUTISHA. Mwanamke mwenye uchungu anafika hospitali. Mlango umefungwa kwa kuwa haujazinduliwa. Ndani kuna watu, wanakula pilau. Anakufa yeye na mtoto. Steringi hakutokea.*

Bwana Shekuwe alikuja, akanywa chai, akapiga muhuri. IMETAZAMWA NA WAZIRI.

Watu walisimama mbele ya ubao. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja muuza mkaa alivua kofia yake, akaisoma tena polepole, midomo ikimcheza.

"Dada Mwatime," akasema, "picha hii inaanza saa ngapi?"

"Ilishaanza, kaka. Umo ndani."

Jioni ile mzee wa mkaa alirudi, akamnong'oneza jambo lake. Kesho yake akaja mwalimu. Keshokutwa akaja mjane wa kule bondeni. Kila mmoja alikuwa na jambo lisilothibitishwa, na Bi Mwatime alimsikiliza, akafikiri, akalitafutia aina yake ya picha. Hili la mapenzi, hili la vita. Ubao ukajaa:

*PICHA YA VITA. Askari mia mbili na tingatinga wanaizingira nyumba ya mjane. Mapambano makali. Mjane ana mwiko. Serikali inashinda.*

*PICHA YA UPELELEZI. Madawati mia nne ya shule yameibwa. Mpelelezi hodari anayatafuta miaka mitatu, akiwa amekalia mojawapo.*

*PICHA YA MAPENZI. Mwanamke anaamka kila alfajiri kwenda kulingoja bomba. Bomba halisemi neno. Miaka kumi na mmoja. Wanazeeka pamoja.*

*PICHA YA MAMBO YASIYOWEZEKANA. Mwaka wa elfu tatu. Dawa zipo hospitali. Wagonjwa wanakimbia wakidhani ni mzimu.*

*KATUNI YA WATOTO. Simba anashinda uchaguzi kwa kura zote. Waliotaka kumpinga walikuwa tumboni.*

Zote zilipigwa muhuri. Watu walitoka miji ya mbali kuja kusoma. Wengine walinakili wakaenda kusomeana majumbani. Ndani ya kibanda mabenchi yalikuwa matupu, Bwana Mgaya amekaa peke yake na televisheni yake, lakini hakulalamika tena. Mjane wa kule bondeni alikuwa dada yake.

Ila ile ya kutisha haikufutwa. Kila asubuhi Bi Mwatime alifuta nyingine zote, ile akaipitia upya kwa chaki, herufi moja moja.

*

Habari zilimfikia Mkuu wa nchi. Kwenye baraza la mawaziri aliuliza, "Kuna picha ya mlango, nasikia inasemwa nchi nzima. Nani ameiona?"

Waziri wa Shwari hasemi sijui. Mikono ishirini na miwili iliinuka, na waziri mmoja mgeni, kwa kutaka kupendeza, aliinua yote miwili.

"Vizuri," Mkuu akasema. "Bakunja, muhuri ni wako. Waambie wananchi ni picha ya nini, wapunguze maneno."

Mheshimiwa Bakunja alirudi ofisini akamwita Bwana Shekuwe.

"Shekuwe, iko wapi hiyo picha?"

"Mheshimiwa, haipo."

"Haipo? Na muhuri wangu?"

"Muhuri upo."

"Nimeitazama?"

"Umeitazama, Mheshimiwa. Mwanzo hadi mwisho."

Mheshimiwa alijifuta jasho. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikuwa mjinga kiasi kingine. Aliona kwamba akisema picha haipo, basi yale ya ubaoni ni habari, na muhuri wake umeithibitisha. Akisema ipo, ni mchezo tu wa watu wa mbali, na mama yule hana la kusema.

"Basi ipo," alisema. "Ya nchi za barafu. Nimeitazama kwa macho yangu. Tangaza mkutano, pale pale kibandani, Jumamosi saa nne. Na wewe uandike kila neno nitakalosema. Maneno yangu ni kumbukumbu za taifa."

Bwana Shekuwe aliinama. Hilo nalo lilikuwa kweli kisheria: kinachotoka kinywani mwa waziri kuwa amekiona, kimetokea. Hakuna aliyemkumbusha.

*

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Meza iliwekwa mbele ya ubao, ikafunikwa kitambaa cha maua. Bwana Shekuwe alikaa pembeni na karatasi na muhuri. Bi Mwatime alikaa mstari wa mbele, kikapu chake magotini.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alianza, "Serikali yenu sikivu, yenye macho, masikio, na viungo vingine vyote, imesikitishwa na upotoshaji. Picha hii ni ya nje. Waigizaji ni wa nje, mlango ni wa nje, hata kifo ni cha nje. Hapa kwetu hakuna aliyefikwa na jambo hilo. Siku ile mimi nilifika saa tisa alasiri, na mlangoni palikuwa peupe. Anayechanganya sinema na maisha akapimwe akili, hospitali ipo, mlango nimefungua mwenyewe!"

Makofi machache, ya watumishi.

Bi Mwatime aliinua mkono kwa adabu. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

Bi Mwatime alikuwa amemzidi miaka kumi na mitano, lakini Mheshimiwa aliitikia.

"Tunashukuru kwa maelezo. Ila sisi wa kibandani hiyo picha hatujabahatika kuiona. Mimi niliandika kwa kusikia tu. Wewe umeiona."

"Mwanzo hadi mwisho."

"Aliyeona husimulia," alisema Bi Mwatime.

"Aliyeona husimulia!" mzee wa mkaa akadakia. Umati wote ukapokea, kutoka chini mpaka mapaani: "Asimulie! Tena na milio!"

Mheshimiwa aliangalia huku na huku. Kisha akatabasamu. Nani asiyependa kusikilizwa na mji mzima? Alivua koti.

"Haya. Barafu inaanguka. Upepo." Akavumisha upepo kwa midomo, vuuuu. Watu wakashangilia. "Gari la wagonjwa linakuja." Akalia king'ora, shingo imemvimba. Watoto wakaruka kwa furaha. Mheshimiwa akanogewa. "Mwanamke anashuka. Amevaa koti la manyoya, nywele za dhahabu. Anafika mlangoni. Umefungwa!"

"Ikawaje?" umati ukauliza, kama inavyotakiwa.

"Ndani watu wako mezani. Watu wa heshima, wana shughuli zao. Chakula kimetoka sasa hivi jikoni, kinafuka moshi."

"Ikawaje?"

"Anagonga."

"Mlio, Mheshimiwa," alisema Bi Mwatime taratibu. "Usituruke mlio."

Mheshimiwa alikunja ngumi, akagonga meza: ko, ko, ko. Akasita. Akatikisa kichwa, kama msimuliaji wa kweli anavyofanya sauti isipompendeza.

"Hapana, haukuwa hivyo," alisema. Akakunjua ngumi, akapiga meza kwa kiganja kilicho wazi. "Ulikuwa hivi. Pa! Pa! Pa! Mlio wa kukera, wa mpira kwenye kioo. Ni ndala ile. Mkono umeshachoka, sasa anapiga kwa ndala. Pa! Pa! Mtu hata kijiko hakipandi mdomoni. Mmoja anasema tumfungulie, mwingine anasema utepe je? Pa! Pa! Halafu kimya. Unafikiri ameondoka. Unachota tena. Halafu, moja tu, chini kabisa ya mlango..."

Akagusa meza kwa vidole. Pa.

Hakuna aliyeuliza ikawaje. Juu ya mapaa watoto walikuwa wameacha kucheza. Mheshimiwa alibaki mkono mezani, akingoja makofi.

Bwana Mgaya ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Huko kwenye barafu, Mheshimiwa, wanavaa ndala?"

Bwana Shekuwe alikuwa ameandika kila neno, kama alivyoagizwa. Ukurasa ulikuwa umejaa. Na mkono wa mtumishi wa umma ukishazoea hauulizi kichwa: akachukua muhuri, akaupiga chini ya ukurasa, ukasikika mpaka nyuma. IMETAZAMWA NA WAZIRI.

Bi Mwatime akasimama. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa ndala moja ya bluu, soli imepasuka katikati, akaiweka juu ya kitambaa cha maua. Akarudi akakaa.

"Sijawahi kuiona hiyo ndala!" Mheshimiwa akapiga kelele. "Mimi na wale wenzangu wote wa mezani, hakuna aliyeiona!"

Na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.